Ukucha wa Kaka Yangu

Mjukuu wangu Elirehema,

Marahaba. Barua yako imefika hapa Maji ya Chai. Mama yako hajambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini nilikukataza kuuchokonoa ukucha wako ulioingia unjano.

Wakati wa Mjerumani, kaka yangu Anaeli alipewa buti kuukuu na mzungu aliyemwajiri shambani kule Momela. Alishinda nazo mferejini, zimelowa. Ukucha wa dole gumba ukageuka njano, ukawa mnene, ukaanza kumeguka kama unga. Sisi tulijua ugonjwa mmoja tu wa vidole, yaani funza, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kuwatoa kwa mwiba. Nikachimba. Sikumwona funza, nikazidi kuchimba. Kaka akaniambia, "Chimba tu, dada, yumo."

Hakuwemo. Yaliyoupata mguu ule siyaandiki. Tulimzika kabla ya kuvuna ulezi.

Uzeeni ndipo daktari aliponiambia kwamba ule ulikuwa fangasi. Kwa hiyo nenda hospitali huko Tanga wakupime. Ukipewa dawa, itumie miezi yote watakayokuambia, maana ukucha huota polepole. Kausha miguu vizuri, na usiazime viatu vya wenzako.

Hadi leo watoto wa hapa huniletea miguu yao. Naugeuza mguu juani, nautazama sana, mpaka mtoto anachoka na kuniambia, "Bibi, chimba tu, yumo."

Bibi yako