Duara Langu Kuzunguka Dubu

Jumatatu, 4 Februari 1974
Nimempata! Yule dubu jike mwenye sikio lililochanika, niliyemtafuta tangu Oktoba. Kalala usingizi wake wa majira ya baridi chini ya msonobari ulioanguka, ng'ambo ya kinamasi. Na ana watoto — nimewasikia wakinyonya, wananguruma kwa raha kama cherehani ya Kerttu, mke wangu. Bado wachanga, hata macho hawajafungua. Nikarudi nyuma polepole, nikamzunguka kwa mbali kwa ski zangu, mbao za kutelezea thelujini, duara zima, kama Baba alivyonifundisha. Nyayo za kutoka zisipolikata duara, dubu yumo. Nitalikagua kila siku bila kumsogelea. Jioni samaki wa kukaanga. Nimekula wa watu wawili.

Jumanne, 5 Februari
Mjinga mimi! Nimeshtuka kikombe kikiwa mdomoni. Baba alikuwa akichora duara ili amuuze dubu kwa wawindaji. Wote hapa wanajua maana yake: ndani kuna dubu, kalala, njooni. Miaka ishirini na sita ya ubwana nyama, na miguu imekwenda yenyewe kama ya mwindaji! Nimejaribu kulifuta kwa tawi. Nimeongeza alama tu. Dawa ni theluji mpya, na redio inasema hakuna. Anga safi, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Alhamisi, 7 Februari
Anga kavu tena. Dukani nimekutana na Urho, kaka yake Kerttu, mkata magogo. Akapaza sauti: "Shemeji, duara zuri hilo! Unamuuza lini?" Nikasema nilikuwa namfuata mbweha. "Mbweha wa kuzungushiwa kilomita tatu? Mbweha gani huyo, wa serikali?" Duka zima likacheka. Nikamvuta pembeni, nikamwambia ukweli, nikamsihi. Ana watoto, Urho. Akishtuliwa atakimbia na huenda asirudi. Akanipiga bega: haya, bwana nyama, mimi na dubu tuna ugomvi gani?

Nikampigia simu mkuu wangu, anipe mtu wa kusaidia kulinda. Kasema duara si kosa. Nipige simu kosa likitokea.

Jumamosi, 9 Februari
Siku mbili nimelinda peke yangu, kuanzia mapambazuko hadi giza. Vidole vya mguu wa kushoto sivisikii. Kerttu kafoka: utamlinda dubu ukiwa maiti? Urho kaja sauna, chumba chetu cha mvuke, kama kila Jumamosi. Tumekaa benchi moja, uchi, tukimwagia mawe maji. Hakunitazama. Nilitaka kumuuliza kuhusu dubu, nikamwaga maji mengine. Naogopa.

Mawingu upande wa magharibi! Njooni, tafadhali.

Jumapili, 10 Februari
Naandika huku msituni, kwa penseli. Nilichelewa saa moja tu, Kerttu akinifunga vidole. Saa moja! Ski za watu wawili na nyayo za mbwa zimevuka duara. Na nyayo za dubu zimetoka, hatua ndefu, kuelekea mpaka wa nchi jirani.

Urho nimemkuta kwenye kisiki, kamkumbatia mbwa wake, analia. Mwenzake kakimbia. "Tulitaka kuchungulia tu, shemeji. Mbwa kaponyoka. Nipige, basi!" Bunduki hawakuwa nayo. Afadhali wangekuwa nayo, ningejua la kufanya. Nimemfukuza.

Nimekaa hatua hamsini kutoka kwenye tundu. Nikisogea, harufu yangu itamzuia mama. Nisiposogea, watoto wataganda. Wachanga kama hawa niliwahi kuwapeleka nyumbani, mwaka ule msitu ulipoungua. Siku ya tatu wakafa jikoni, maziwa yakiwa bado mdomoni. Kerttu alilia mpaka Pasaka.

Saa sita nimesikia sauti tatu za watoto.

Saa saba, mbili. Theluji imeanza, mapande makubwa, ile niliyoiomba wiki nzima. Duara halionekani tena. Nyayo za mama nazo zinafunikwa, sijui hata kama amegeuka.

Saa saba na nusu. Sauti moja, au ni tawi. Nimevua kofia nisikie vizuri —