Mama mkwe amekuja kumchukua Tavita

Jumapili, jioni. Mvua ilikatika alfajiri, likatoka jua la kubahatisha, lile la Aprili ya Brussels ambalo huwezi kulivulia koti.

Nimechoka mwili mzima, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Mama yake Tavita yupo hapa. Nilimpokea jana kituo cha treni cha Gare du Midi akitokea Paris, baada ya safari ndefu ya ndege kutoka Samoa. Mwanamke mrefu, mpana, nywele nyeupe kazifunga kisogoni, mkononi begi moja dogo. Tavita, mume wangu, alipofariki Novemba, mama alikuwa amelazwa hospitali kwao, hakuweza kuja kuzika. Nilidhani amekuja kuona kaburi.

Tukiwa bado kwenye tramu akaniambia, kwa Kiingereza chake cha polepole, "Kaburini nitakwenda, mwanangu. Ila kwanza nipeleke pale alipoanguka. Nimekuja kumchukua."

Nyumbani, tukinywa chai, akanieleza. Kwao, mtu akifa ghafla mbali na watu wake, roho yake hubaki palepale, haijui njia. Zamani wazee walitandika kitambaa mahali alipofia, wakamwita kwa jina, wakangoja. Kiumbe hai cha kwanza kupanda juu ya kitambaa, hata kama ni mdudu, ndiye yeye. Roho imevaa mwili mdogo ili iweze kubebwa. Hufungwa humo humo, ikapelekwa kuzikwa walipolala baba zake, ikatulia. Bibi yake alimfanyia hivyo mtoto aliyezama baharini.

Mama ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya. Nikamuuliza mchungaji wake anasemaje.

"Sijamuuliza," akajibu, akaongeza sukari.

Mimi nimelelewa Kilutheri, Bukoba. Roho humrudia Mungu aliyeitoa, haipotei njia Ulaya. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu: tangu Tavita afe, nikitoka kazini huwa nashuka kituo cha Schuman bila shughuli yoyote. Nazunguka nyuma ya lile jengo la ofisi alilokuwa akililinda, nasimama karibu na mti ulio pembeni ya njia ya miguu, pale alipoanguka. Nasimama kwa sababu nahisi yupo.

Kwa hiyo niliogopa. Kama kweli yupo, basi leo anaondoka.

Leo asubuhi mtaa mzima wa ofisi ulikuwa mtupu, kama kila Jumapili. Mama akatoa kitambaa begini, kile cha kwao kinachopondwa kutokana na gome la mti, rangi ya kahawia chenye michoro myeusi. Akakitandika chini ya ule mti, nusu juu ya udongo, nusu juu ya mawe. Akapiga magoti. Akaita, "Tavita." Si kwa kilio. Aliita kama mtu anayemwita mtoto ndani, chakula kiko tayari.

Tukangoja. Jani likaanguka juu ya kitambaa, akaliondoa. Njiwa akasogea, akatutazama, akaenda zake. Baridi ikaniingia magotini.

Mlinzi wa zamu akatoka ndani. "Bonjour, bamaman. Munapoteza kitu hapa?"

Nikashtuka kusikia Kiswahili; nikamjibu, akatabasamu. Ni Mrundi wa Bujumbura, anaitwa Déo. Nilipomwambia huyu ni mama yake Tavita, tabasamu likamtoka. Akavua kofia.

"Ile siku nilikuwa naye," akasema. "Alianguka pale pale. Nikamushika kichwa, nikakiweka hapa kwa miguu yangu, mpaka ambulance ikafika. Alikuwa ananiangalia. Mwambie mama, hakukufa peke yake."

Nilikuwa sijui. Karatasi za hospitali zilisema moyo ulisimama, basi. Miezi yote hii nilimwona akilini akiwa amelala peke yake juu ya mawe.

Nikamtafsiria mama. Mama akaushika mkono wa Déo, akauweka shavuni mwake, akafumba macho. Déo hakuuondoa. Kisha akasimama upande unaotoka upepo, akatukinga, wala hakuuliza tunangoja nini.

Ndipo akaja sisimizi.

Mmoja, mweusi, kutoka kwenye mizizi. Alifika kwenye upindo wa kitambaa akasita. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaomba ageuke. Pumzi yangu moja ingetosha. Nilikuwa nimekwishainama.

Mama hakuwa akimtazama sisimizi. Alikuwa akinitazama mimi. "Hawezi kupanda ukiwa umemshika," akasema.

Nikalia hapo kwa sauti, mbele ya mlinzi, mbele ya madirisha yote yale. Nikasema kwa Kiswahili, lugha ambayo Tavita aliijua maneno machache tu, mengi ya chakula: "Nenda, mume wangu. Nenda na mama."

Sisimizi akapanda.

Sijui nimeona nini leo. Mdudu hupanda kitambaa, ndiyo kazi ya mdudu. Lakini mama alipokunja zile pembe taratibu, akimwimbia, niligeuka kuutazama ule mti, na kwa mara ya kwanza ulikuwa mti tu. Hapakuwa na mtu pale. Sijawahi kumtamani kama nilivyomtamani dakika ile.

Mchana tulikwenda makaburini. Mama akapapasa jiwe, akasema huu mwili ananiachia mimi, nitamtunzia.

Na sasa hivi, tukila wali, ameniambia, "Njoo twende wote. Kule wanamjua alivyokuwa mtoto, hawajui alivyokuwa mume. Nani atawasimulia?"

Nikasema nitafikiri. Uongo, nimekwishakata shauri. Kesho naomba ruhusa kazini. Bosi wangu alikuja msibani Novemba, akanishika mkono, akatupa udongo kaburini. Sasa nitamwambia nakwenda kumzika nani?