Tangazo Ambalo Hukulisikia

Bwera,
Jumapili.

Dada yangu mpenzi Rahmah,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mvua imewaachia kakao yenu ikauke. Mimi mwili ni mzima, ila moyo sivyo. Kaa chini kwanza, dada, usisome umesimama.

Mama hatunaye. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Presha ilimwangusha Jumanne alfajiri akitawadha, na ilipofika adhuhuri alikuwa amekwisha kutuacha.

Najua unajiuliza kwa nini redio haikusema. Huko Kongo mliko simu haishiki, na sote tunajua kwamba kila jioni unafungua redio ya Kasese, ndiyo pekee inayofika huko, usikilize matangazo ya vifo. Acha nikueleze, maana redio yenyewe haiwezi kuwatangazia wasikilizaji kwamba imesusiwa.

Unamkumbuka Onen, mpangaji wetu, aliyekuwa akimtania Mama kwamba chai yake ya tangawizi ingeweza kuendesha lori? Alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Muhwezi, tajiri huyohuyo mwenye redio. Mwezi uliopita ukuta wa machimbo ulimfukia. Mjane wake, Akidi, alipeleka tangazo redioni ili kaka wa marehemu, anayevua samaki Hamukungu, awahi kuzika. Walimrudishia karatasi yake, wakamwambia bosi amekataza. Yule kaka alifika udongo wa kaburi umekwisha kukauka.

Nilipandwa na hasira, na hasira ile siijutii hata leo. Mimi ndiye niliyesimama stendi ya teksi Kasese, kisha hapa Bwera msikitini na sokoni, nikisema kwamba redio iliyokataa kusoma kifo cha Onen isisome na vya kwetu. Matangazo ya vifo ndiyo yanayofanya watu waifungue, basi tuyanyime. Watu walikubali. Wenye maduka walizima, madereva wakazima, hata matangazo ya harusi yakapelekwa kwingine. Nikaanza kuitwa mwenyekiti, na unavyonijua mdogo wako, kichwa kikavimba.

Mama alipokuwa amelala pale chini alinishika mkono akasema, "Rahmah iko wapi? Mwambie akuje." Nikamwitikia kwamba nitakuambia. Alipokata roho, Baba mdogo Semakula alishauri tungoje hadi kesho yake, tangazo lisomwe jioni ile, nawe upande boda alfajiri uwahi kumwaga udongo.

Nilikataa. Nilimwambia tutakuwa tumewasaliti wenzetu. Hapa, dada, ndipo ninapoona haya kuandika. Hao wenzetu walikuja wenyewe wakasema kwamba kwa mama mzazi hakuna atakayenilaumu. Hata Akidi, ambaye msiba wa kwanza ulikuwa wake, alinipigia magoti. Alisema, "Usifanyie dada yako ile kitu walifanyia shemeji yangu." Naye nikamkatalia. Haikuwa kwa ajili ya Onen tena. Niliogopa tu watu wa sokoni wasije wakasema kwamba mwenyekiti ndiye wa kwanza kurudi kwa Muhwezi. Tukamzika Mama siku ileile baada ya alasiri. Muhwezi hajui hata kwamba tulikuwa na mama.

Jana nilimtafuta dereva Magidu ili akuletee barua hii. Nilimuuliza kama umesikia lolote. Akaniambia kwamba alilala kwenu Jumatano, na matangazo yalipoisha ulizima redio, ukatabasamu, ukasema, "Alhamdulillah, leo tena Mama iko muzima." Naye aliitikia amina, kwa kuwa hakujua.

Nililia mbele yake bila kujificha. Kila jioni tangu Jumanne umekuwa ukimshukuru Mungu hivyo, dada, na mimi ndiye niliyekufanya umshukuru.

Sitakuomba unisamehe kwa barua. Njoo kwenye arobaini, na ukitaka kunitukana, nitukane palepale sokoni, mbele ya hao niliowaogopa. Baba mdogo anakupa pole, na Akidi amesema atakuja kukulaki mpakani. Msalimie shemeji. Watoto wajulishe polepole kuhusu bibi yao, na usiwafiche hata siku moja.

Ndimi mdogo wako,
Siraj