Upande wa Kushoto wa Picha Zangu

Isiolo,
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Mwakio,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sijui umeamkaje, wala kama Mama amepona kile kikohozi alichonitajia kwenye simu, wala kama mvua imewafikia huko Wundanyi. Naomba barua hii iwakute wote mkiwa na nguvu. Mimi nakula, natembea, kazini naenda. Lakini sina amani, Mwakio, na ndiyo maana umepokea karatasi badala ya simu. Nikikupigia najua utaweka sauti juu ili Mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie kabla hujayasikia wewe. Tena humu ndani ya bahasha kuna picha mbili. Ziweke kando kwanza, usome.

Unajua kazi yangu ilivyo. Huu ni mwaka wa saba niko hapa, na miaka minne ya mwisho nimeshirikiana studio na Guyo, yule Mborana niliyekuambia ni mtu mpole asiyependa maneno mengi. Siku za kawaida tunapiga picha za pasipoti na za wanafunzi. Harusi zikija, Guyo anapiga upande wa wanaume, na mimi, kwa kuwa ni mwanamke, naingia kwa wanawake. Familia za Kiislamu zinaniita kwa sababu hiyo. Huko ndani wanawake wanavua mitandio, wanacheza, wanajiachilia, na mimi peke yangu ndiye mgeni mwenye kamera. Ni kazi ya kuaminiwa.

Wiki tano zilizopita tulikuwa na harusi mtaa wa Kiwanjani. Ilikwenda vizuri, au mimi nilifikiri hivyo. Juma lililofuata mama wa bibi harusi, anaitwa Habiba, alikuja studio kuchagua picha za albamu. Alikuja na mpwa wake Zeinab, msichana wa chuo. Guyo akafungua kwenye kompyuta picha yake na yangu za ule mkusanyiko wa familia nje ya nyumba. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, tukapiga dakika ileile.

Habiba alitazama kidogo, akaniuliza, "Saru, mama yangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Si huyu hapa, mama."

"Huyo ni wa Guyo. Nauliza kwako."

Kwangu, kushoto kabisa, kulikuwa na bega na ncha ya fimbo. Bibi mwenyewe, mama yake Habiba, amekatwa. Nikasema pole, labda mtu alinisukuma. Tukaenda picha ya pili, bega tena. Ya tatu, bega na nusu ya uso.

"Mama yangu nimemtoa Merti na mguu wake mbovu," Habiba akasema, polepole tu. "Alisimama juani kwa sababu ya hizi picha."

Zikafika picha za wanawake, Guyo akatoka nje kama ilivyo desturi. Huko sikuwa na mwenzangu wa kulinganishwa naye, nikashukuru kimoyomoyo. Lakini Zeinab alikuwa amepiga kwa simu yake, tena alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa. Akaishika simu karibu na kioo cha kompyuta. Bibi harusi akipakwa hina: ya Zeinab ni safi, watu wote wametulia ndani ya picha. Yangu ina mwangaza mzuri kuliko yake, rangi nzuri, na upande wa kushoto rundo la viatu na ndoo ya maji machafu. Sikuwahi kuiona ile ndoo. Nakuapia Mwakio, nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza hapo studio.

Halafu ikaja moja ambayo sitaisahau. Wanawake wanacheza katikati, na kushoto kabisa yuko mama mmoja ananyonyesha, kifua wazi, ananitazama kwa hasira. Alijua nampiga picha. Mimi sikujua.

Habiba akaweka kidole kwenye kioo. "Hiyo ifute," akasema. "Ifute sasa hivi, nikiona."

Nikaifuta. Waliondoka bila kuchagua kitu.

Guyo alirudi, akaketi, akasafisha lenzi yake ambayo haikuwa chafu. "Saru, nikuulize kitu, usikasirike. Huwa huoni kushoto?"

Nilikasirika sana. Nilimwambia nimeshika kamera kabla yeye hajajua kuiwasha. Lakini alipoenda kuswali nikafungua harusi zetu zote za nyuma, zake na zangu, moja baada ya nyingine. Miaka miwili ya kwanza ungepata shida kujua ni ipi ya nani. Kusema kweli zangu zilikuwa safi zaidi, mimi ndiye niliyekuwa nikimkanya yeye juu ya nguzo na mbwa na watoto wanaopita. Kisha mwaka wa tatu ikaanza. Mkono wa mtu umekatwa. Gurudumu la gari. Mtu anajikuna. Kila mara kushoto, kulia hakuna kitu. Kwa Guyo, dakika hiyohiyo, hakuna gurudumu. Nilifungua picha kama mia hivi, nikaacha kuhesabu. Huwezi kusukumwa na watu kila harusi, na kila mara upande uleule.

Guyo aliporudi nikamwambia, "Nipime." Akasimama mbele yangu, ukuta nyuma yake, akasema nifunike jicho la kushoto, nimtazame pua yake bila kuhamisha jicho. Hilo la kulia ndilo ninaloliweka kwenye kamera siku zote. Akachukua kalamu.

"Nitaileta kutoka upande wa kushoto. Sema ukiiona."

Nikangoja. Nikangoja tena. Nikamwambia, "Anza basi."

"Saru," akasema, "iko hapa mbele yako kitambo."

Kaka, nimeogopa mambo mengi huku. Nimewahi kukwama njiani kuelekea Kipsing wakati watu wanagombania maji, nikalala chini kwenye mchanga milio ya risasi ikipita. Lakini hofu ile ilikuwa nje yangu, ningeweza kuikimbia. Hii nilikuwa nimeibeba kichwani. Na kibaya zaidi, sikuwa naona giza. Hakuna doa jeusi, hakuna ukungu. Nilikuwa naona ukuta mzima, wa rangi moja, bila kalamu.

Nilikwenda Meru kwenye kliniki ya macho. Wanakuweka kidevu juu ya kitu kama kikombe, unatazama nukta moja, halafu vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukikiona unabonyeza. Vilikuja viwili vitatu, kisha kimya kirefu. Nilidhani mashine imeharibika, nikamwambia yule dada. Akasema kwa upole, "Inafanya kazi, wewe endelea tu." Nikaelewa kwamba katika ule ukimya wote vitaa vilikuwa vinawaka.

Daktari ni mama wa makamo. Alinionyesha karatasi yenye eneo jeusi. Akaniambia ni presha ya macho, inakula mshipa wa nyuma ya jicho taratibu bila maumivu, na ubongo unajaza penye pengo ili mtu asijue. Ningekuwa na kazi nyingine nisingegundua mapema hivi, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa linaficha pengo la jicho la kulia. Ni kamera iliyonifichulia, kwa kuwa kwenye kamera natumia jicho moja. Nikauliza kilichopotea kitarudi lini. Akasema hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kulinda, kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Jicho la kushoto nalo limeanza, kidogo.

Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu aliyepofuka?"

Nilimkumbuka Baba anavyoshuka njia ya kwa shangazi, anavyojikwaa mahali ambapo hata mtoto hajikwai. Nilimkumbuka anapita katikati ya watu pale sokoni, anamgonga mama wa watu na kikapu chake, na watu wanacheka, mzee amekunywa tena. Unakumbuka alivyotolewa katika uzee wa kanisa. Unakumbuka alivyosimama mbele ya wale wenzake akisema, "Sijanywa," na jinsi wewe na mimi tulivyotazama chini. Tulipokuja kumpeleka hospitali macho yote mawili yalikuwa yamekwisha, tukaambiwa ni uzee, tukaridhika.

Baba hakuwa mlevi. Alikuwa haoni pembeni.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Mama alikuwa akinituma nimkaribie Baba akirudi, nijifanye nampokea mfuko, ninuse mdomo wake. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kunusa kitu ila tumbaku na jasho. Siku moja Mama aliniuliza mara tatu, amechoka, amekasirika, nikaona anataka nini. Nikasema ndiyo, ananuka. Usiku huo Baba alilala jikoni. Hilo usimwambie Baba. Nitakuja mwezi wa kumi na mbili, nimwambie mwenyewe, nikiwa nimeketi karibu naye. Lakini la ugonjwa mwambie leo, na Mama awepo. Asisubiri siku nyingine hata moja.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo hofu yenyewe ilipo. Daktari alisema ugonjwa huu unatembea ndani ya damu, na kwamba ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe upesi. Nina ndugu mmoja tu. Mama aliniambia, akiwa anacheka, kwamba tangu Pasaka umevunja kioo cha pembeni cha lori mara mbili, na kwamba uligusa ukingo wa daraja ukasema mwenye gari la probox alikubana. Labda alikubana kweli. Lakini nikuulize, ilikuwa upande gani? Mara zote hizo ilikuwa upande uleule? Unashuka zile kona za kwenda Mwatate na tani za kabichi nyuma yako, na upande mmoja ni bonde. Tangu nitoke Meru, simu ya nyumbani ikiita naketi kwanza ndipo naipokea.

Najua utasema dada yako ametishwa na madaktari. Ndiyo maana nimekutumia hizo picha mbili, na Habiba ameniruhusu. Zitazame sasa. Yenye bibi mzima ni ya Guyo. Yenye bega ni yangu. Nilikuwa na uhakika na ile yangu kama wewe ulivyo na uhakika na usukani wako.

Nikuambie lililotokea kwa Habiba ili usidhani nimebaki na aibu tu. Nilikwenda kwake Kiwanjani nikamweleza yote. Niliogopa atatangaza, nikose kazi mji mzima. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Mimi nilidhani umetudharau." Kisha akasema mama yake bado yuko mpaka Ijumaa, nije nimpige upya. Nilikwenda nikiwa nimeweka kamera kwenye jicho la kushoto, na ni kama kuandika kwa mkono usiouzoea, pua inazuia, kidole kinapotea. Bibi alikuwa amekwisha kuambiwa. Alinitazama nikihangaika, akauliza kwa Kiborana, Zeinab akatafsiri, "Anasema akae wapi ndipo umwone?"

"Katikati, akoo," nikamwambia, kama Waborana wanavyomwita bibi. "Hapohapo katikati."

Nilipiga kumi na nane. Baada ya kila moja niliikagua pembe zote nne, na Guyo akaikagua nyuma yangu bila kuambiwa. Zimetoka. Lakini nilirudi nyumbani nimelowa jasho kama mtu aliyebeba magunia, na sijui kama nitaweza hivi miaka yote. Kazi ya ndani kwa wanawake nimesimamisha kwa sasa. Siwezi kuingia mahali watu wanajiachilia mbele yangu na mimi sijui ninachokipiga. Matone natia kila jioni saa moja. Yanachoma. Nikiyatia mapema kwa dakika tano naogopa, nikichelewa naogopa.

Basi nakuomba. Kesho mpe lori utingo wako yule mwenye leseni, au kabichi zilale. Nenda hospitali Voi, waambie wakupime presha ya macho na ile mashine ya vitaa, na uwaeleze habari za Baba na zangu. Na mtoto wako Wawuda pia, maana naye ni damu yetu.

Nisalimie wifi yangu Mghoi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekifanya pazia la studio. Nisalimie shangazi mkubwa na magoti yake, na mama mchungaji anayemsomea Mama jumbe zangu. Baba mshike mkono wa kulia, uukaze kidogo, atajua ni mimi.

Ukinipigia, Mwakio, usiniambie kwamba unaona vizuri. Hata mimi nilikuwa naona vizuri. Niambie daktari amesema nini.

Ni mimi mdogo wako,
Saru