Musiuze Shamba la Baba kwa Ajili ya Ile Kampuni

Kambi ya Dzaleka, siku ya posho asubuhi

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, weye na shemeji na batoto. Miguu ya Mama ingali inamuuma? Sisi huku tunapumua. Baridi tu njo inatupiga, na muke wangu anakohoa.

Nilisikiliza sauti yako ku simu mara mbili. Unasema binamu yetu wa Bujumbura anataka muuze shamba la baba kule Fizi, mununue hisa mu ile kampuni ya kubeba franga za mabanki, iko mu dunia yote, ile mimi nilikuwa naosha magari yake kule Lilongwe. Ukamaliza: "We uko ndani, utuambie kama ni kitu cha nguvu." Yaya, ni cha nguvu. Faida banapata. Lakini sikia kile niliona.

Wiki ile ingine, mu depo yao ya Kanengo, gari ya chuma iliingia na masakosi, ile mifuko ya franga. Mulinzi mumoja, Bambo Banda, njo kusema Bwana Banda, ule alikuwa ananigawia nsima yake, ugali wa huku, saa sita, alikuwa anashuka. Dereva akafunga mulango Banda hajatosha mukono, ukamuponda vidole. Alilia namna sijasikia mutu mukubwa akilia.

Nikakimbilia kufungua geti apelekwe hospitali. Mukubwa wa depo akanikamata shati: "Geti haifunguke! Masakosi kwanza!" Njo sheria yao. Bakahesabu sakosi moja moja, bakaandika, bakahesabu tena. Bambo Banda amekaa chini, vidole ndani ya kitambaa changu cha kuoshea matairi.

Walipomupeleka, mukubwa akanionyesha damu: "Osha mbio. Leo kuna bageni, bale banatia franga mu kampuni."

Yaya, nikaosha. Hiyo njo inanichukiza kuliko yote, kuliko hata ule mukubwa. Nilipiga magoti, nikatia sabuni, nikasugua mpaka simenti ikawa nyeupe. Bageni bakapita na viatu vyao vizuri. Mumoja akasema, "Hapa ni pasafi kweli!" Mukubwa akacheka, akanipiga mukono ku bega. Nikaenda nyuma ya gari, nikamwaga maji mekundu ya ndoo.

Juzi nilirudi Lilongwe, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, mpaka mutaa wa Biwi kumuangalia Bambo Banda. Walimukata vidole tatu. Kazi imeisha, barua ya kampuni inasema mulinzi wa mukono mumoja hasaidie kitu. Alikuwa anajifunza kula na mukono wa kushoto. Akaniuliza pole pole: "Wale wageni, walipenda?"

Nilimumegea nsima, nikaiweka ku mukono wake wa kushoto.

Sirudi tena kule. Nimerudi kambini, nashona na fundi mumoja wa kwetu. Franga ni kidogo, ila chakula kinashuka ku koo.

Shamba lilimwe. Binamu akikasirika, umwambie ni mimi nilikataa. Na kama muliisha kuuza, sehemu yangu isiingie mule hata franga moja. Mumununulie Mama mbuzi.

Unisalimie mama mukubwa anayeuza samaki ndagala ku soko, na muchungaji aliyetufungisha ndoa.

Mudogo wako,
Elisha