Mjane Aliyetolewa Nje

Mombasa, 1948

Kwa dada yangu Mwanakuu, Lamu.

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mwanangu Nabiha amejifungua mtoto wa kike.

Yule Mzungu wa sinema aliyenifundisha kutunga hadithi za picha aliniambia, "Mzee Badawi, andika kinachoonekana tu." Nikaandika eda yako ulivyonisimulia: mlango umerudishwa, mkono wako unapokea sahani ya jirani. Basi.

Jana ameionyesha picha yenyewe hapa Mwembe Tayari. Mjane anakimbia gatini Mbaraki, kichwa wazi, kumshukuru bwana shauri wa serikali! Jirani yangu Faraj akanichokoza, "Kumbe kwenu Lamu eda hukaliwa bandarini?"

Nikamwendea Mzungu. "Mrudishe ndani, au ufute jina langu."

"Ndani kuna giza, mzee. Na jina lako limetokea vizuri."

Giza! Alitaka eda ikaliwe juani?

Wiki ijayo anaileta Lamu, na kila atakayesoma jina langu atajua mjane ni wewe. Tangu ujana sijarudi huko. Sasa naja. Kabla picha haijaanza nitasimama mbele ya watu wote niseme: dada yangu hakuvuka kizingiti.

Nduguyo,
Badawi