Pete Nne za Ngozi

Iguguno, Jumamosi. Jua bado halijazama. Upepo uliotupiga vumbi wiki nzima umetulia, na mwanangu Raheli amelala juu ya mkeka huku mdomo wake ukinyonya hewa.

Mikono yangu inanuka grisi na bado sijanawa. Nataka niandike kwanza.

Gari limesimama. Limesimama Sekenke, katikati ya mteremko, pale ambapo malori makubwa hushuka polepole huku utingo akitembea kando na gogo la kuzuia gurudumu.

Limesimama!

Nianze mwanzo, maana huenda siku moja Raheli atasoma haya, naye atakuwa amesoma kupita darasa langu la nne. Baba yake, Yona, alikuwa utingo, kisha dereva wa lori la watu wengine kwa miaka mingi. Mwisho akapata pikapu kuukuu ambayo mwenyewe wa kwanza aliitupa kwa sababu rimu zilikuwa zimeliwa na kutu. Rimu za aina ile hazipatikani, hata Singida mjini. Mwezi uliopita akaleta nne za gari lingine, kutoka kule kwenye mgodi wa zamani. Nzito, pana, nyekundu, za kupendeza. Matundu ya nati yalilingana kabisa.

Mama mkwe alizizunguka akacheka. "Yona, gari lako limeazima miguu."

Shida ilikuwa moja. Ukikaza nati, rimu kwa ndani ilikwaruza dramu, lile duara la chuma linalofunika breki. Kilitakiwa kitu chembamba cha kuweka katikati, zisigusane.

"Weka ngozi," nilisema.

Ni mimi niliyesema. Naandika hapa kwa sababu sijaiandika mahali pengine, wala sijaitamka mbele ya mtu zaidi ya Yona. Kwetu hapa ngozi ndiyo dawa ya kila kitu. Jembe likilegea mpinini, unalifunga ngozi mbichi. Kiti kikivunjika, ngozi. Kibuyu kikipasuka, ngozi. Ikikauka inabana mpaka unasahau kwamba kulikuwa na ufa. Nikaloweka kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakata pete nne, nikatoboa matundu. Yona akazifunga zikiwa bado na maji, tukaziacha zikauke. Nilijiona fundi.

Sasa jambo lililokuwa linanikosesha usingizi. Mwenye duka hapa Iguguno anatafuta gari la kushusha samli kila wiki hadi Shelui, chini ya Sekenke. Alisema kazi ni ya Yona kama dereva wake wa zamani, Mzee Rajabu, atapanda gari letu siku ya Jumamosi, ashuke nalo mteremko ule, na azikubali breki. Lakini wakala wa mashamba ya mkonge naye alikuwa ameshaandika jina la Yona. Lori lake linapita Jumatatu kuchukua watu wa kwenda Tanga. Yona alisema breki zikishindwa, atapanda.

Raheli ana miezi saba. Watu wa mkonge wanarudi mtoto akiwa anakimbia, na mtoto anawakimbia wao.

Jumatatu iliyopita breki zilianza vituko. Asubuhi zilikuwa nzuri. Kufika saa sita, Yona akikanyaga, gari linatetemeka, linalia kama ndama aliyeachwa, halafu linavutia kushoto. Akafungua magurudumu yote, akasugua breki kwa msasa, akafunga. Likapona.

Jumanne likarudia. Akafungua tena magurudumu, akatoa upepo kwenye mafuta ya breki, mimi nikikanyaga na kuachia pedali huku Raheli akiwa mgongoni. Likapona tena. Jumatano mchana, likishuka kwenye kijito, likavutia kushoto likaingia kwenye uzio wa miiba wa zizi la jirani. Mbuzi walitoka wote. Mama mkwe alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Nani aliyekupa akili ya kuvalisha gari ngozi?"

Nilikuwa nimeshika spana. Nikainama kuipangusa.

"Mimi mwenyewe, Mama," Yona alijibu.

Hakunitazama hata kidogo. Aliendelea kuokota miiba.

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Pia niliogopa, maana nilianza kuhisi kwamba mama mkwe amesema kweli bila kujua.

Alhamisi ndiyo siku iliyonifumbua macho. Nilikuwa nimefua mbeleko ya Raheli, ile ya ngozi ya mbuzi, nikaitandika karibu na mafiga ikauke haraka. Kuna jiwe nililokuwa nimelifungia kamba yake ya ngozi, nikaweka na jingine juu ya mbeleko yenyewe isije ikapeperuka. Niliporudi kutoka kisimani, kamba iliyozunguka jiwe ilikuwa imebana hata kucha haipiti. Lakini lile jiwe la juu lilikuwa linacheza. Ngozi chini yake ilikuwa imesinyaa, imekuwa nyembamba, imeliacha.

Niliketi chini pale pale na ndoo yangu.

Ngozi iliyozunguka kitu, ikikauka inakibana. Ngozi iliyolaliwa na kitu, ikikauka inakiacha. Pete zangu hazikuzunguka chochote. Zilikuwa zimelaliwa na rimu! Breki zikipata moto, dramu inachemka, ngozi inasinyaa, nati zinabaki hewani kidogo, gurudumu linayumba na rimu inakwaruza dramu. Na kila Yona alipofungua kutengeneza breki, wakati wa kufunga alikaza nati upya. Kilichomponyesha mgonjwa ni kule kukaza. Ule msasa na ule upepo wa mafuta havikuhusika hata kidogo.

Nikakumbuka pia kwamba mimi ndiye ninayeshika bakuli la nati. Siku zote tatu zilitoka kirahisi, nyingine kwa vidole. Nilidhani Yona ana nguvu.

Nilikwenda moja kwa moja uani na mbeleko mkononi, alipokuwa amelala chini ya gari miguu ikiwa nje. Nikazungumza na miguu.

"Baba Raheli, breki zako hazina ugonjwa. Kosa ni ngozi. Kosa ni langu."

Nikaeleza yote, kamba, jiwe, nati. Halafu akatoka, uso mweusi kwa grisi, akachukua mbeleko akaikunja, akaikunjua. Akaenda akashika nati ya gurudumu la kushoto mbele, gari likiwa limetoka safari, bado la moto. Ikazunguka kwa vidole viwili.

"Mama Raheli," akasema, "wewe na darasa lako la nne."

Jana Ijumaa tulikwenda kwa mjomba wake, mhunzi. Alikuwa na plau iliyovunjika. Akaipasha moto, akaikata, akatoboa, akatupa pete nne za chuma. Kingo zilikuwa na meno, kwa hiyo nilizisugua kwenye jiwe la kusagia mpaka zikalala sawa. Mama mkwe akaja na mtama wake akakuta vumbi jeusi.

"Kumbe leo tunakula ugali wa chuma?"

"Shikamoo Mama. Nitaliosha."

"Marahaba. Lioshe mara mbili. Nimebakiwa na meno sita."

Yona alifunga pete, akakaza nati, akaendesha mpaka breki zikawa za moto kabisa, akajaribu nati kwa mikono. Hakuna iliyotikisika. Akaenda tena, akarudi, akajaribu. Hivyo hivyo mara nne. Hata jirani mwenye zizi alikuja kutazama, ingawa alisimama mbali na uzio wake.

Leo asubuhi Mzee Rajabu alifika na kanzu safi na kofia ya kufumwa. Mzee mfupi, macho makali, haongei bure. Alitazama rimu nyekundu akaguna. Yona akamwambia kwamba mimi ndiye niliyegundua kosa la breki. Mzee akanigeukia.

"Basi apande na yeye. Aliyepika aonje."

Nikamwacha Raheli kwa bibi yake, nikapanda. Kufika Sekenke maziwa yalikuwa yamejaa, yameanza kulowesha blauzi, nami nimejifunika kanga na kusali kimyakimya. Juu ya mteremko Mzee Rajabu akashuka. Akatembea chini hatua nyingi, akavua kofia yake, akaiweka katikati ya barabara.

"Njoo na mwendo," alipaza sauti. "Ukiikanyaga kofia yangu, nenda mkonge!"

Yona aliachia gari. Mawe yalikuwa yanaruka, upepo umejaa masikioni. Kofia ilikuwa nukta nyeupe, ikawa kofia. Akakanyaga breki. Sikusikia kilio cha ndama. Gari halikutetemeka wala halikuvutia kushoto. Liliinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji, likatulia.

Mzee akapima kwa hatua za kandambili zake kutoka bampa hadi kofia. Hatua mbili na nusu. Tulirudia mara tatu, gari likizidi kuwa la moto. Mwisho akajaribu kila nati kwa mkono wake, akaivaa kofia, akapangusa vumbi.

"Samli ni Jumatano," akasema. "Msichelewe."

Yona aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mimi nililia na kucheka, na blauzi yote ikalowa, na Mzee Rajabu akageuka kutazama bonde kwa adabu.

Jumatatu lori la mkonge litapita hapa, limwache Yona. Nitasimama barabarani na Raheli mgongoni, kwenye kanga, maana mbeleko imekuwa ya mwanasesere.

Lakini kuna kitu kimoja kimebaki. Tuliporudi, mama mkwe alimkumbatia mwanawe, kisha akamcheka: "Sasa umejifunza, usivalishe gari ngozi tena." Yona akacheka naye. Amelibeba kosa langu mpaka leo, na wala hajaniomba nimtue.

Kesho, tukitoka kanisani, nitamshika mama mkwe mkono nimwambie ni nani aliyekata zile pete. Acha anicheke mimi.